Mabati ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza siku kwa kusogeza madawati. Darasa la tatu wamehama tena, maana juu yao sasa ni mbingu tupu. Familia ya Ndayizeye imerudi Burundi na msafara wa wakimbizi wa wiki iliyopita, na bati lao limeondoka. Watoto wanaona ni mchezo. Wananyoosha shingo kuangalia mawingu badala ya ubao. Nimewakaripia mpaka sauti imekauka.

Chumba kimoja kirefu cha udongo, madarasa manne ndani yake, mwalimu ni mimi peke yangu. Mwenzangu alikwenda mjini Mbarara mwaka jana kuuza simu. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Neema hakuangalia mawingu. Aliangalia lilipokuwa bati, akaniuliza RUMONGE tutaisoma wapi sasa. Mtoto huyu alijifunza kusoma kwa kulala chali kwenye benchi la nyuma. Upande wa ndani wa kila bati kuna jina la familia na jina la kwao, yamekwaruzwa kwa msumari. Ndayizeye, Rumonge. Byamungu, Uvira. Langu liko juu ya ubao: Faida, Baraka. Neema aliyamaliza yote kabla sijamfundisha irabu. Mimi najisifu kwa wageni kwamba ni kazi yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Baada ya masomo nimekaa kizingitini na kukumbuka jengo hili lilivyoanza. Labda kwa sababu naona linaisha.

Tulikuwa wakimbizi wapya, ndiyo kwanza tumepewa viwanja. Shule kubwa ilikuwa mbali, ng'ambo ya kinamasi, wadogo hawafiki. Wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito. Wanawake tulikanda udongo kwa miguu. Aliyetuongoza ni Mama Konsolata, Mrundi, jirani yangu mpaka leo. Yeye anaimba Kirundi, sisi Wakongomani tunaitikia bila kuelewa. Ukuta wa upande wa ziwa aliupaka karibu wote yeye, kwa viganja, hakutaka mwiko.

Ikabaki paa. Kila familia ilikuwa imepewa mabati machache ilipofika. Mchungaji akasema kila nyumba itoe moja, liwe mali ya shule milele. Watu wakanyamaza. Kimya kile nakikumbuka mpaka leo. Haukuwa uchoyo. Kutoa bati milele ni kusema nitazeekea hapa, nitazikwa hapa. Nani aseme hivyo wa kwanza?

Konsolata ndiye aliyetuokoa. "Tuazimishe shule," akasema. "Mwenye ataenda kwao, atabeba bati yake." Tulicheka wote, Warundi na Wakongomani, kwa jinsi tulivyopumua. Ndipo watu wakatafuta misumari, waandike majina. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya shule hii. Ilitangulia kengele, ilitangulia sare.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja wengine na ngazi, katikati ya hesabu. Familia ya Hakizimana. Msafara wao ni keshokutwa.

Zamani siku ya kushusha bati ilikuwa sherehe. Watoto wote wanatoka nje, wanaimba. Anayeondoka analigonga bati lake kwa ngumi, liitike, ndipo analitia kichwani. Vigelegele. Ilikuwa dalili njema kwetu sote: mmoja ameweza, basi na sisi. Na pengo halikudumu. Familia mpya ilikuwa inapanda na bati lake kabla ya wiki kwisha.

Sasa wanaofika hawapewi mabati. Wanapewa turubai. Na wanaoondoka wanazidi, maana Warundi wameambiwa kwao kumetulia, na chakula hapa kimekatwa tena.

Leo sikuwaruhusu watoto kuimba. Hakizimana alisubiri kidogo chini ya ngazi, akidhani labda tunajipanga. Kisha akaligonga bati mwenyewe, taratibu, akaenda. Niliiona aibu yake usoni. Nikafurahi. Hivi ndivyo nilivyo siku hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, kuuliza kama kuna aliyefika na bati. Swali la kijinga. Wamefika na watoto mgongoni na masufuria. Wamelala wamebanana kwenye mahema makubwa wakingoja viwanja. Nimesikia Kibembe, nimesikia Kifuliiru, nimesikia vilio vya kila aina. Mama mmoja wa kutoka upande wa Uvira alinishika mkono alipojua mimi ni mwalimu. Hakuniuliza jina.

"Mama Mwalimu, kule kwenu kuko fasi ya batoto?"

Nikasema nafasi ipo. Nilikwenda kutafuta mabati, nimerudi na wanafunzi. Ningemwambia nini?

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Imetupiga asubuhi nzima. Tumejibana chini ya mabati yaliyobaki, wakubwa wamepakata wadogo. Nimefundisha nyimbo tu, kwa kuwa ubao umelowa.

Ukuta wa upande wa ziwa umeota tumbo. Umejaa kwa ndani, chini ya dirisha. Mama Konsolata amekuja na udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, ameupaka bila kuombwa. Ameupapasa muda mrefu. Amesema bado una nguvu, mradi kichwa chake kisinyeshewe. Kichwa cha ukuta ule kinafunikwa na bati lake mwenyewe, pale pembeni: Nizigiyimana, Ruyigi.

Nilitaka kumuuliza kama ni kweli amejiandikisha kurudi. Sikuuliza. Naogopa jibu.

Ijumaa, 21 Machi

Mbarara. Nimechoka mpaka mifupa.

Kuna ofisi inayosaidia shule za vijiji. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa kiti na chai. Alitaka kujua paa ni la nani. Nikamweleza. Akadhani hajanielewa, nikarudia. "Mwalimu, hii haiwezekani," akasema. "Hatuwezi kujenga juu ya kitu cha kuazima. Rudi, watu waseme iko ya shule, halafu unakuja tena." Hakuwa mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kukaa mahali akingoja kurudi kwao, basi.

Dereva wa pikipiki akaniambia Biharwe, kandokando ya barabara ya Masaka, kuna mtu anauza mabati yaliyotumika. Nikasema angalau nione. Yamepangwa uani, yameegemezwa ukutani, marefu kwa mafupi. Nilipogeuza la kwanza nikaona maandishi ya msumari.

Ndayizeye, Rumonge.

Niligeuza mengine. Hakizimana alikuwepo. Na wengine walioondoka mwaka jana na mwaka juzi, wale tuliowaimbia, tuliowapigia vigelegele. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba paa letu linaendelea kufunika watu, huko Rumonge, huko Makamba, huko Ruyigi. Halijavuka hata Mto Kagera. Liko Biharwe, linauzwa kwa wafuga kuku.

Mwenye uwanja alidhani majina ndiyo yananisumbua. "Mama, hiyo si tatizo. Unapaka rangi, inapotea."

Nililia kwenye pikipiki. Kwa hasira, si kwa huzuni. Dereva alijifanya hasikii.

Jumapili, 23 Machi

Mkutano wa wazazi baada ya ibada, Wakatoliki na wa mchungaji wote pamoja. Nimewaambia niliyoyaona Biharwe. Nilitegemea makelele.

Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanajua. Wote. Nilikuwa mjinga peke yangu. Mama Konsolata akanijibu kwa upole, macho chini, "Mwalimu, ku lori banakubali begi tu. Bati haipandake." Basi wanauza kwa yule mtu, wakifika kwao wanatafuta jingine. Na hakuna aliyetaka kuuharibu wimbo.

Nikasema vizuri, sasa tuseme ukweli hadi mwisho. Mabati yawe ya shule. Yasishuke tena, hata mtu akiondoka. Ofisi itatusaidia, mapengo yatazibwa kabla mvua haijakolea.

Kimya kilekile. Nimekitambua kama mtu anavyotambua mlango wa kwao.

Aliyekivunja ni baba yake Neema, tunamwita Papa Neema. Mtu mkimya, analima mahindi, amemlea mtoto peke yake tangu mkewe alipofia njiani wakati wa kukimbia. Alisimama, kofia mkononi. "Bengine baliuza. Mimi sitauza. Bati yangu itafika. Itafunika Neema kule kwetu Kazimia." Akakaa. Watu wakaitikia kwa kichwa. Na Konsolata akasema yeye anaondoka msafara ujao, lakini mbele ya Mungu bati lake halitashuka hadi siku ya msafara.

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. Na wewe Mwalimu, lako unalitoa? Nilifungua mdomo. Nikaona nyumba ya mama yangu kule Baraka, ile ya karibu na soko. Sikulitoa. Mkutano ukaisha hivyo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefika asubuhi, bati la Konsolata halipo.

Nimekwenda kwake moja kwa moja. Hata sikubisha. Alikuwa anafunga mizigo. Aliapa Jumapili, leo Alhamisi. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Alisubiri nimalize. Kisha akasema yule mtu wa Biharwe alipita jana na gari, hatarudi kabla ya msafara. "Nitafika kwetu mvua inanyesha, Mwalimu. Nyumba yangu kule ni kuta tu. Nitalala chini ya nini?"

Nikapiga kelele zaidi. Nilimwambia shule ikianguka ni mkono wake. Nimesema hivyo mbele ya majirani.

Nimefunika kichwa cha ukuta kwa turubai kuukuu na mawe. Papa Neema amenisaidia kufunga kamba.

Jumanne, 1 Aprili

Lazima niandike.

Mvua ilianza baada ya mapumziko. Upepo ukaja nayo, turubai likang'oka, sikuliona likienda. Katikati ya chumba maji yalikuwa yanamwagika kwenye mapengo. Nikawaambia watoto wasogee pembeni, wajibanze ukutani, pakavu. Ukuta wa upande wa ziwa. Mimi ndiye niliyewaambia.

Mabati yalipiga kelele, hatukusikia kitu. Ukuta haukutoa mlio wowote. Uliinama ndani, ukalala. Wengine waliruka. Wachache waliumia miguu. Neema alikuwa mwisho kabisa, benchi la nyuma, mahali pake pa kusomea dari.

Tulimtoa kwa mikono. Matope yalikuwa mazito kuliko yeye. Alikuwa anapumua vibaya. Zahanati wakasema apelekwe Mbarara mara moja. Mfanyabiashara wa mahindi ametoa gari lake, akashusha magunia njiani kwenye mvua. Papa Neema alimpakata. Nimeambiwa nibaki na wengine.

Jumatano, 2 Aprili

Ruharo, hospitali ya misheni hapa Mbarara. Amelazwa, ana mpira puani. Kifua. Madaktari wamefanya yote, nimewaona kwa macho yangu, hawakukaa chini. Papa Neema ameshika mguu wa mtoto kupitia shuka. Hajaniuliza jinsi ilivyotokea. Nilimwambia mwenyewe, kwamba mimi ndiye niliyewasogeza. Akasema, "Ulibasogeza fasi ya kukauka." Akarudia kumwangalia mtoto.

Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 3 Aprili

Neema amefariki asubuhi.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemzika kwenye makaburi ya mlimani. Udongo umelowa, shimo lilikuwa linajaa maji, wakalichota kwa ndoo. Watoto wa shule wote walikuja, wamevaa sare zenye matope yaleyale. Mama Konsolata alisimama nyuma kabisa, peke yake. Hakuna aliyemsogelea. Mimi pia.

Baada ya sala watu walianza kushuka, wakamwona Papa Neema anakwenda shuleni na ngazi begani. Tukamfuata. Nilijua anafanya nini na sikuwa na haki ya kumzuia. Ametoa bati lake shuleni, sasa analiondoa, shule imemla mtoto. Mwenyekiti alijaribu kusema kitu kuhusu subira. Papa Neema alikuwa tayari juu, anang'oa misumari, anaiweka mfukoni mmoja mmoja.

Alipofika chini alisimama na bati, akatungoja. Hatukuelewa. Kisha akasema, si kwa ukali, "Tulisema mwenye anaenda anabeba bati yake. Neema ameenda."

Akaligonga kwa ngumi. Liliitika.

Watoto walinitazama. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Wakaimba. Ule wimbo wa kuaga, wenye makofi, wote, hadi mwisho. Amepanda nalo hadi kaburini na sisi nyuma yake. Amesimamisha vijiti vinne, akalipigilia juu yake kwa misumari ileile, ili mvua isimguse. Ndilo bati la kwanza kufika linakokwenda.

Sijaweza kula.

Jumanne, 8 Aprili

Msafara ni kesho. Leo, nikiwa njiani kutoka kisimani, nimemwona Mama Konsolata shuleni. Amekunja gauni, yuko kwenye matope hadi magotini, peke yake, anakanda. Fito amezifunga upya. Ameinua ukuta hadi kiunoni na anaupaka kwa viganja. Haimbi.

Nimesimama barabarani na ndoo kichwani. Alijua nipo. Sikumsalimu. Hasira yangu ilikuwa bado nzima, na nilikuwa nayo haja.

Jumatano, 9 Aprili

Malori yamepita mapema. Sikutoka nje kuangalia. Sasa nimekaa, nataka nimsalimu, na hayupo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepanda ngazi na msumari, nifute jina langu kwenye bati. Nimefika pale, nimeona mwandiko wangu wa wakati ule, herufi kubwa, za mtu mwenye haraka ya kurudi. FAIDA, BARAKA. Nimeweka ncha ya msumari juu ya B. Mkono umekataa.

Nimeshuka. Nimekwenda kwa mwenyekiti na kumwambia bati langu ni la shule, sasa na hata nikiondoka, hata nikifa. Jina libaki, watoto wapate cha kusoma. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema sina. Alilitangaza jioni. Hakuna mwingine aliyejitokeza. Sijui kama watajitokeza. Kusema vile kumeniuma kama kufiwa mara ya pili, na sitajifanya shujaa.

Jumatano, 16 Aprili

Likizo imekaribia. Tunasomea upande wa ubao, chini ya mabati yaliyobaki, wote tumebanana. Ukuta wa Konsolata umekauka vizuri, haujapasuka. Alama za vidole vyake zinaonekana. Nimepita karibu nao asubuhi, nikaweka kiganja, kisha nikapiga kengele.

Mchana nimewapeleka watoto mlimani, wameomba wenyewe. Papa Neema alikuwa ameshapalilia pembeni. Bati amelipigilia maandishi yakiwa juu, ya zamani: Asukulu, Kazimia. Chini yake ameongeza kwa msumari: Neema. Herufi zake si nzuri, hakusoma sana. Wale wadogo waliofika juzi kutoka Kabazana ndio wanaanza kuunganisha silabi. Walisimama karibu, wakasoma polepole, wakaambiana sauti, wakasoma tena hadi jina lake likatoka.

Mvua ikaanza. Tulisikiliza inavyopiga kwenye bati, kisha tukateremka kurudi darasani.